Masikio ya Barisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kuchora bafu. Nilikuwa nimevaa rinda la kanisani, penseli mpya na raba nimezitia kwenye bahasha, na akilini mwangu nilijua nitachora wafalme na majemadari, maana niliambiwa wanatafuta mchoraji wa vitabu vya historia. Ofisi yenyewe ilikuwa Malindi, juu ya duka la magodoro. Mkuu wa Michoro, mzee mwembamba aliyetafuna tangawizi mbichi kutwa, alinitazama juu hadi chini, kisha akauliza, "Binti, unalijua bafu la bati?"

"Nalijua karai," nikamjibu.

"Basi chora karai lililonenepa. Ndani tia sabuni. Chini yake tia watu wanne wamelibeba kichwani, na wote wana njaa."

Kitabu kilikuwa cha wapagazi, babu za babu zetu waliokamatwa wakati wa vita vya Wazungu wakabebeshwa mizigo ya jeshi porini. Wengi hawakurudi. Walikufa kwa njaa na kuhara, na kuna waliokufa wakiwa wamebeba vitu vya kipuuzi, kama hilo bafu la afisa. Nikachora huku machozi yananilenga. Nilichora mbavu, nikachora miguu yenye vidonda, nikaona nimefanya kazi kubwa sana. Mkuu wa Michoro akaja akainama juu ya meza yangu, tangawizi inanuka.

"Umechora msiba mtupu," akasema. "Mtoto wa darasa la tano atakifunga kitabu hiki aende zake kucheza mpira, na hawa watu watakuwa wamekufa mara ya pili."

Akachukua penseli yangu, hata ruhusa hakuomba, akachora chura ndani ya bafu. Chura amejilaza chali, mguu juu ya mguu, kama bwana mkubwa aliye likizoni. Nikacheka, na yale machozi bado yako shavuni.

"Umeona? Umecheka, na umetazama. Ukishatazama huwezi kusema hukuona." Akairudisha penseli akaenda zake. Ndivyo nilivyoanza kazi, wajukuu zangu, na nikaifanya mpaka nywele zikageuka rangi.

Nyinyi mnachora kwa kidole kwenye kioo, ukikosea unagusa kijitufe kosa linayeyuka. Wenzenu tulitia wino kwa nibu, kile kichuma cha kuchovya, na ukikosea unakwangua karatasi kwa wembe polepole, ukizidisha unatoboa, unaanza upya. Lakini mambo ya msingi ni yale yale. Kuna kisanduku, yaani ule mraba ambao ndani yake jambo moja linatokea. Kuna puto, ambamo maneno ya mtu hukaa, na puto lisijazwe kama gunia la mkaa. Mtoto akiona maneno mengi anaruka. Halafu kuna mfereji. Mfereji ni ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku, na vijana wengi huidharau kwa sababu haichorwi kitu. Ala! Hapo ndipo kazi ilipo.

Mkuu wa Michoro alikuwa akisema, "Mambo mabaya yapitishe mferejini." Kisanduku kimoja askari ameinua bakora. Kinachofuata, kofia ya mpagazi iko chini, peke yake. Katikati hukuchora pigo. Mtoto amelijaza mwenyewe, kwa kadiri anavyoweza kulibeba. Mwenye moyo mdogo atajaza kidogo, mwenye mkubwa atajaza zaidi. Na sheria yake ya pili ilikuwa kwamba kichekesho kimwangukie mwenye bafu, kamwe kisimwangukie mbebaji. Nilizishika hizo sheria mbili miaka yote, mpaka siku nilipokutana na mwanamke muuza maziwa akaniambia ya pili haitoshi. Nitafika huko.

Kutoka Malindi nilihamishiwa Hola, chini ya Mhariri wa Kanda. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na alikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Kwake nilijifunza usomaji wa majaribio. Kabla kitabu hakijachapishwa, kurasa zake hupigwa fotokopi zikapelekwa shuleni, watoto wakasoma, na wewe uliyechora unaketi nyuma ya darasa umefunga mdomo. Hutazami karatasi, unatazama nyuso. Wakicheka unaandika wapi, wakinyamaza unaandika wapi, na wakipiga miayo ujue umekwisha.

Huko ndiko nilikofedheheshwa. Kilikuwa kitabu cha ukame wa zamani, na mimi, mtoto wa wakulima wa Kigiriama waliohamia huku delta, mto unapomwagikia baharini, kutoka kusini, ng'ombe nilimjua kwa mbali, akila mahindi yetu. Basi nikamchora kwa kuiga picha ya kwenye pakiti ya maziwa. Ng'ombe wa Kizungu, mgongo umenyooka kama meza, madoa makubwa meusi. Darasa lilikuwa limejaa watoto wa Kiorma. Walitazama, wakatazamana, kisha mmoja akanyoosha mkono kwa adabu kabisa: "Mwalimu, huyu ng'ombe nundu yake imeibiwa na nani?"

Darasa lote likalipuka. Huko mbele kisa kilikuwa cha mzee anayefiwa na mifugo yake yote, pahali pa kulia, lakini wapi! Kila ng'ombe asiye na nundu alipokufa walizidi kugaragara. Mhariri wa Kanda aliniambia tukiwa njiani kurudi, "Wamecheka mahali tusipoandika kicheko. Nenda ukakae na ng'ombe." Nikaenda, nikakaa zizini kwa watu hadi nikajua kumtofautisha ng'ombe aliyeshiba na aliyechoka. Wenyeji walinifadhili chai, na walinicheka pia. Nilistahili.

Nilipokuwa bado Hola ndipo delta ikaharibika. Sitaeleza mengi, na waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Mto ulipungua, malisho yakakauka, mifugo ikashuka mashambani, maneno yakawa machungu, na asubuhi moja watu waliokuwa wakiuziana mahindi na maziwa wakavamiana kwa moto na mapanga. Zilichomwa nyumba za wakulima na za wafugaji. Walikufa watu wa pande zote, na watoto pia.

Mjomba wangu Kazungu aliuawa shambani kwake. Alikuwa mzee mwenye pengo, mchekeshaji, na alikoroma kwa namna ambayo majirani walijua saa zake za kulala. Nilishuka kwenda kumzika. Sisi kwetu tuna watani, ukoo mwingine ambao umepewa haki ya kututania hata kwenye msiba, nasi tuna haki hiyo kwao. Baba yangu alikuwa mtani wa kutegemewa, watu walimwita kutoka mbali. Lakini mtani hachekeshi mikono mikavu. Kwanza huchimba kaburi, hupasua kuni, huteka maji ya wapishi. Akishatoka jasho kwa ajili ya maiti ndipo anaruhusiwa kumtania. Baba alizoea kutuambia, "Chimba kwanza, ndipo ucheke."

Siku ile mtani alichimba mpaka mwisho, akajifuta udongo, akajilaza kando ya kaburi, akakoroma. Jamani! Ilikuwa mikoromo ya Mjomba Kazungu mwenyewe, ile inayoanza kama mashine ya kusaga na kuishia na filimbi. Tulicheka hadi shangazi akakosa nguvu za kusimama. Na ndani ya kicheko hicho ndimo nilimoweza kulia, maana tangu niletewe habari nilikuwa nimekauka kama ukuni.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Garsen, kituo changu cha mwisho. Meneja wa Mradi alikuwa msichana wa rika la kitindamimba wangu, mwerevu, hana kiburi. Siku moja alifunga mlango wa ofisi akasema, "Mama, watoto wanaketi dawati moja, na hawajui kwa nini nyanya zao wakikutana sokoni kila mmoja anageuza uso wake. Tuchore hiyo."

"Hiyo haichekeshi," nikamwambia.

"Bafu lilichekesha?"

Mtoto wa watu alikuwa amesoma vitabu vyangu vyote.

Kisa tulikuwa nacho tayari. Mjomba Kazungu alikuwa na rafiki, kijana wa Kiorma aitwaye Barisa. Kila wiki walikutana Garsen, huyu na mahindi yake, yule na maziwa yake, wakabadilishana na kutukanana kwa mapenzi hadi watu wanasimama kuwasikiliza. Msimu ule ule Mjomba alipouawa na watu wa upande wa wafugaji, Barisa naye aliuawa na watu wa upande wetu. Ndama wake alikuwa amenasa kwenye tope kando ya mto, akarudi kumvuta, wakamkuta pale. Basi, hivyo tu. Hakuwa amekwenda kupigana na mtu.

Meneja akaweka sharti moja. Marehemu wanachorwa kwa majina yao, kwa hiyo watu wao wakubali kwanza. Familia yangu ilikubali mara moja. Kwa Barisa mtu mzima aliyebaki ni mama yake tu, anayejulikana sokoni kama Mama Barisa hadi leo. Akikataa, kitabu hakichapishwi. Bila Barisa kingekuwa kitabu cha kilio cha upande mmoja, na kitabu cha namna hiyo huku kwetu ni kibiriti mkononi mwa mtoto.

Nikachora rasimu. Mjomba alinitoka kirahisi: pengo, mikoromo, tumbo. Barisa akanishinda. Sikuwahi kumwona, picha yake haikuwapo hata moja, nyumba yao ilikuwa imeungua na kila kilichokuwa ndani. Na kulikuwa na jambo jingine zaidi ya sura. Kwetu maiti hutaniwa. Kwa Waislamu wa Kiorma msiba ni dua na kimya. Nani alinipa mimi, mpwa wa mkulima, ruhusa ya kumfanyia mzaha mtoto wa mwanamke yule, aliyeuawa na watu wangu? Nikamchora mrefu, mzuri, macho ya huzuni, fimbo mabegani, na nyuma yake jua. Hakuna puto la mzaha hata moja lililotoka kinywani mwake. Nilimwogopa.

Nikaenda sokoni kwa Mama Barisa. Anauza maziwa pale Garsen, kwenye mstari wa akina mama wenye mitungi ya njano na vibuyu. Alinijua mimi ni nani. Alinipimia maziwa bila kuniangalia, akapokea pesa bila kuniangalia, akageukia mteja mwingine. Nikarudi kesho yake, hivyo hivyo. Karatasi zangu sikuzitoa mkobani. Hapo ndipo nikayakumbuka maneno ya baba yangu.

"Mama," nikamwambia, "nipe kazi."

Kiswahili chake ni cha sokoni, nami nakiacha kama alivyokisema. "Kazi gani? Mimi hapana iko na mshahara."

"Sijauliza mshahara. Nikusaidie kufukiza vibuyu."

Kibuyu cha maziwa hakioshwi kikaachwa. Hutiwa makaa ya mti maalumu, kikatikiswa na kufunikwa mpaka moshi ukaingia kwenye ngozi yake, kisha kikasuguliwa kwa brashi ya nyuzi. Moshi huo ndio unaoyapa maziwa ile harufu wanayoifuata watu toka mbali. Mama Barisa alinitazama kwa mara ya kwanza, akanisukumia kibuyu. Nikatia makaa mengi kupita kiasi, kwa pupa zangu.

Alikinusa. "Wewe umepika hii," akasema. "Haya, kula sasa."

Wenzake wakacheka. Mimi nikachukua kingine. Nikawa nakwenda kila asubuhi kabla ya kazi, nafukiza, nasugua, nabeba mitungi kutoka kwenye gari. Mkono wangu wa kuchorea ukapata malengelenge. Meneja aliuliza mara moja tu, "Mama, umemwambia?" Nikamjibu, "Bado nachimba." Hakunielewa, lakini hakuuliza tena.

Asubuhi moja Mama Barisa alifunga kibuyu cha mwisho, akafuta mikono, akasema, "Sasa toa hiyo karatasi. Kila siku nachungulia mimi kutoka kwa mfuko."

Nikampa. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kwa Mjomba Kazungu alitoa pumzi puani, kama mtu aliyekutana na anayemfahamu. Kisha akafika kwa yule kijana mrefu mwenye jua mgongoni.

"Hii nani?"

"Ni Barisa."

"Barisa gani?"

"Wako, mama."

"Hapana," akasema. "Hii si mtoto yangu." Akazipanga karatasi vizuri, akanirudishia, akamgeukia mteja.

Basi nikajua imekwisha. Nilizitia karatasi mkobani, nikaondoka nikitafuta maneno ya kumwambia Meneja, na niseme kweli, machozi yalikuwa karibu. Si kwa ajili ya kitabu tu. Niliona nimemwamshia mama wa watu kidonda chake, tena mbele ya watu sokoni. Sijafika mbali nikasikia nyuma yangu, "Wewe! Unaenda wapi? Rudi, kaa chini."

Nikarudi nikakaa juu ya mtungi.

"Masikio iko wapi?" akauliza.

"Masikio?"

"Masikio! Mtoto yangu ilizaliwa masikio kwanza, halafu mtu. Ile mama alinizalisha alisema, huyu atasikia mvua ikiwa bado Uhabeshi." Akaonyesha kwa viganja vyake viwili kando ya kichwa. "Tena alikuwa nachezesha. Hivi, hivi, bila mkono. Ng'ombe ikikataa kutoa maziwa, yeye nasimama mbele yake nachezesha masikio. Ng'ombe inashangaa, inasahau kukataa, maziwa inatoka."

Sikujua nicheke au nisicheke. Nikamwambia lile lililokuwa likinikaba tangu mwanzo. "Mama, nikimchora hivyo watoto watamcheka. Na watoto wa watu wetu pia watamcheka."

"Wacheke! Yeye alitaka wacheke. Hata huyo mjomba yako alikuwa namwita Masikio, yeye namwita Pengo." Akaligonga lile jua langu kwa kidole. "Hii umefanya malaika. Malaika ikiuawa, vijana natafuta panga. Mtu ya masikio ikiuawa, watu nasema, sasa nani tachezesha? Tunataka yeye tena. Wewe unataka gani?"

Wajukuu zangu, nimefanya kazi chini ya wakuu waliosoma, na niliwaheshimu wote. Hakuna aliyewahi kunipa somo kama lile. Mkuu wa Michoro alinifundisha kutomcheka mbebaji, na nilidhani kumheshimu aliyeonewa ni kumnyoosha na kumpaka jua. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya mama mwanawe.

Nikatoa penseli. Nikachora masikio. "Kubwa," akasema. Nikafuta, nikaongeza. "Bado. Kubwa." Nikaongeza hadi nikadhani ananitania. Wauzaji wenzake wakasogea, mmoja aliyemkumbuka Barisa akasema yalikuwa yametoka mbele kidogo, mwingine akasema la, la kushoto lilizidi. Nikachora na ng'ombe mbele yake, mwenye nundu, ameduwaa. Mama Barisa akaikamata karatasi. Akacheka. Alicheka mdomo wazi, mabega yakatikisika, na kabla kicheko hakijaisha kikageuka. Akaiweka karatasi pajani, akaifunika kwa kiganja pale kwenye uso, akalia kwa sauti. Nami nikalia. Nilimshika bega, hakunitoa mkono. Maziwa hayakuuzwa kwa muda siku ile, na hakuna mteja aliyelalamika.

Alipotulia alisema maneno mawili. La kwanza, "Chapa." La pili, "Lakini akufe kama alikufa. Usifiche."

Sikuficha. Kisanduku kimoja Barisa yuko topeni hadi magotini, anamvuta ndama na kumchezeshea masikio asiogope. Kinachofuata ni fimbo yake imelala kwenye matope. Katikati ni mfereji.

Tukapeleka kurasa shule moja ya Garsen ambako watoto wa pande zote husoma pamoja, nami nikaketi nyuma kama kawaida. Kwa Mjomba walicheka. Kwa masikio walicheka hadi Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani. Kisha wakafika kwenye fimbo. Nimeketi nyuma ya madarasa mengi, lakini kimya kile sijakisikia pengine. Mtoto mmoja, wa wakulima, akainua mkono taratibu. "Na ndama, alitoka?"

Sikulijua jibu. Nilikwenda mbio sokoni kumuuliza Mama Barisa. "Ilitoka," akasema. "Sasa iko na watoto yake. Maziwa unakunywa hapa ni ya yeye." Nikaongeza kisanduku.

Kitabu kilikuwa bado kwa mchapaji nilipostaafu. Walinipikia pilau, wakanipa leso na saa ya ukutani, Meneja akatoa hotuba akashindwa kuimaliza. Mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka. Mstari ulionyooka sasa hunitoka umekunjamana, na najiambia si kitu, hata mto haukunyooka. Naishi kijijini Hewani kwa binti yangu, nalima mchicha, nafukuza nyani. Vijana hunijia na kazi zao kuniuliza, Bibi, tunaruhusiwa kuchekesha kuhusu jambo hili au ni dhambi? Nami huwauliza, umewafanyia nini wenye msiba? Umewachotea maji? Umewabebea kitu? Kama hujatoka jasho, weka kalamu chini. Kama umetoka, muulize mama yake marehemu alikuwaje, na akikuambia alikuwa na matege, chora matege.

Hupatwa na upweke, sikatai. Asubuhi mikono hutafuta wino. Lakini niliifanya kazi niliyoipenda, na wangapi wamejaliwa hayo?

Vitabu vilipofika Garsen, Meneja alinipa nakala ya kwanza nimpelekee Mama Barisa nyumbani. Nilimkuta na mjukuu wake Hawa, binti wa Barisa, mtoto wa darasa la nne aliyeachwa na babake akiwa bado tumboni. Yeye nilimjua kwa mbali. Alipitia sokoni baada ya shule, mtulivu, ushungi umembana mashavu. Mama Barisa hakuwa amemwambia habari za kitabu. Hakuwa amemwambia mengi kabisa, mtoto alipouliza baba alikuwaje, kila mara alijibiwa, "Alikuwa mtu mzuri," basi.

"Mimi sijui kusoma," bibi yake akasema. "Yeye tasoma."

Hawa akaketi mkekani katikati yetu, akasoma kwa sauti, Kiswahili kisha Kiorma, ambacho nami nakisikia. Mjomba Kazungu akakoroma, Hawa akacheka. Akafunua ukurasa, akaliona lile jina.

"Akko," akamwambia bibi yake, "huyu ana jina la baba."

"Ni baba yako."

Mtoto aliusogeza uso karibu na karatasi, akasoma yaliyobaki kimya kimya, kwa kidole. Tope. Fimbo. Ndama na watoto wake. Mama Barisa alikuwa anamtazama yeye tu, na mikono yake imeshikana sana. Hawa alipofika mwisho alirudi nyuma mpaka ukurasa wa ng'ombe aliyeduwaa, akakaa hapo. Kisha akaingiza vidole chini ya kidevu, akautoa ushungi, akauweka mkekani.

Wallahi, kama wasemavyo wenyewe, yale masikio nilikuwa nimeyachora sawasawa.

"Tangu chekechea wananiita Dishi," akasema, bila kututazama. "Na yeye walimcheka?"

"Kila siku," bibi yake akamjibu.

"Akafanya nini?"

"Akayachezesha."

Hawa akafikiri. Akafumba macho, akavuta pumzi, akakunja uso wote kama mtu anayeinua gunia, mdomo ukaenda upande, na hakuna kilichotokea. Akavuta pumzi tena. Likatikisika la kushoto. Kisha yote mawili.

Mama Barisa akapiga ukelele wa kicheko, akajifunika uso kwa mtandio, na mle ndani ya mtandio nikamsikia akimwita mwanawe kwa jina lake, kama mama anavyomwita mtoto aje kula.